Tupeane uzoefu: siku mbaya ilipofika kazini kwenu, nani alijua la kufanya?

Mshika Funguo

Assalaam aleikum ndugu zangu. Jambo hili ninalo moyoni tangu mwezi wa tatu. Nasimamia nyumba ya wageni ya vyumba kumi na moja ndani ya Mji Mkongwe, na nataka kuwasikia wenye maduka, hoteli, skuli, maofisi na jumuiya, Unguja na Pemba: likizuka la kuzuka, mmejipanga vipi? Naanza na letu.

Ilikuwa saa nane na kitu usiku. Feni ya ukumbi wa juu iliungua waya, moshi ukajaa ngazini. Mlinzi wetu, mtu mzima, mwaka wa tisa yuko nasi, akakimbilia mtungi wa kuzimia moto. Ulikuwepo pahala pake ukutani, na kadi ya ukaguzi inaning'inia. Pini haikutoka. Hewa ya chumvi imeila, imegandana na mpini kama imechomelewa. Alivuta mpaka kidole kikachanika. Swichi kubwa ya umeme imo ndani ya stoo, ufunguo wa stoo umo mfukoni mwangu, na mimi nimelala Fuoni. Alinipigia mara tano ndipo nikaamka.

Aliyetusaidia ni kijana wa jirani. Alipanda kwa uwani, akavunja kitasa cha stoo, akashusha swichi, kisha wakauzima moto kwa mablanketi yaliyorowa. Hakuumia mtu, alhamdulillahi. Lakini wageni walipokuwa wamesimama kichochoroni na mataulo yao, mwanamke mmoja akauliza, tumo wangapi ndani ya nyumba hii? Hapana aliyeweza kumjibu. Orodha imo kwenye kompyuta yangu. Mlinzi alirudi ndani kwenye moshi kugonga mlango mmoja mmoja, na chumba cha saba alichokipigia kelele muda wote kilikuwa kitupu tokea asubuhi. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Na gari la zimamoto lisingefika mlangoni hata lingekuja mbio. Vichochoro vyetu mnavijua, mkokoteni wenyewe hupita kwa kubembelezwa. Dakika za mwanzo ni zetu wenyewe na jirani.

Siku hizi kila magharibi naandika kwa mkono nani kalala chumba gani, na karatasi hiyo hukaa mfuko wa shati la mlinzi. Funguo za dharura zimo kwenye kisanduku cha kioo karibu na ngazi. Pini naijaribu kila mwezi na mshale wa kipimo nautazama kama uko kwenye kijani. Yeye ndiye anayekuwa mkuu wa nyumba usiku, kwa hiyo yeye ndiye wa kwanza kufundishwa.

Barafu Malindi

Kaka, pole sana. Lako lilikuwa la usiku mmoja, letu lilikuwa la miezi. Vijana hawakumbuki. Mei 2008 umeme wa kutoka bara ulikatika Unguja nzima, tukakaa gizani karibu mwezi. Uliporudi tulishangilia, tukasahau. Disemba 2009 ukakatika tena, na safari hii mpaka Machi 2010. Miezi mitatu!

Mimi nauza samaki, nina mafriza matatu. Mara ya kwanza nilikaa kungojea. Kila baada ya saa mbili nafungua kifuniko natazama, nafunga, nafungua tena. Siku ya tatu tulichimba shimo nyuma ya nyumba tukazika pweza na jodari, na harufu ile jirani zangu walinistahamilia wiki nzima.

Mara ya pili nilikuwa nimeshaelewa. Friza lililojaa, ukiliacha limefungwa, hushika ubaridi kiasi cha siku mbili. Basi siku mbili zile ndizo zangu. Jodari nikauza kwa bei ya chini siku ile ile, nguru nikatia chumvi, ngisi na pweza nikaanika nikafanya ng'onda. Khasara ilikuwepo lakini duka halikufa.

Kuna jambo jengine sikuliwaza kabisa, nalo ni maji. Pampu zinakwenda kwa umeme. Taa tulizoea vibatari, lakini maji tuliyatafuta kwa madumu, na huwezi kuosha samaki bila maji. Tokea hapo nina tangi la lita elfu mbili, na sileti mzigo mpya kama halijajaa.

Wenye mashine za umeme nawaombeni kitu kimoja. Msiiwashe ndani, wala ukumbini, wala kwenye uwa uliofunikwa. Wakati ule kila mtu aliikimbiza mashine ndani kwa kuogopa wezi. Mtoto wa dada yangu tulimkuta amelala hajitambui. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, inakuchukua umelala. Tulimwahi.

Duka la Dawa Chake

Ami Barafu umenikumbusha. Sisi Pemba giza lile halikutufika, wakati ule tulikuwa na mashine zetu za dizeli, waya wa kutoka Tanga ulitufikia baadaye mwaka 2010. Letu ni bahari. Dawa zote zinakuja kwa boti, na bahari ikichafuka hakuna cha fedha wala cha kujuana.

Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokaribia, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza siku kadhaa kabla. Nilisikia redioni nikiwa nafunga duka. Nilifungua tena. Nilitoa daftari la wagonjwa wangu wa kila mwezi, wa sukari, wa presha, wa pumu, nikawapigia mmoja mmoja: njoo chukua yako kabla upepo haujafika. Bibi mmoja wa Wawi alinijibu, "Mwanangu, mimi hata mvua siisikii." Nikampelekea kwa bodaboda.

Insulini ambayo haijafunguliwa inataka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Wengi umeme ukikatika wanaitumbukiza kwenye barafu wakidhani wameiokoa. Ikiganda imeharibika, na kwa macho huwezi kujua. Mimi natumia deli, chini vifuko vya barafu, juu yake kitambaa cha kanga kilichokunjwa mara nne, ndipo visanduku vya dawa, na kipimajoto kidogo ndani. Kanga ile imo ndani ya deli siku zote, haiazimwi.

Kuagiza pia nimebadilisha. Zamani naagiza dawa ikikaribia kwisha. Sasa ikibaki ya wiki tatu naagiza, na miezi ya kusi ikibaki ya wiki nne. Fedha zangu zinalala kwenye rafu, ni kweli, na mume wangu alinilalamikia. Baada ya Hidaya hakulalamika tena.

Mshika Funguo

Dada, la kuwapigia simu wateja kabla, hilo nimelichukua. Sikuwahi kulifikiria upande huo, sisi tunawaza nyumba tu.

Maalim wa Kwerekwe

Nitasema kwa ufupi. Masika ya 2017 mafaili ya wanafunzi yalikuwa kwenye makabati ya chini, na maji yakaingia. Tulianika vyeti uwanjani kama karafuu, karatasi moja moja, kila moja na kijiwe juu yake. Sasa hakuna karatasi chini ya kiuno cha mtu, na nakala zimo kwenye skuli nyengine iliyo juu kilimani.

Lililotusumbua zaidi lilikuwa watoto. Saa saba mchana barabara ya Kibonde Mzungu imejaa maji, daladala zimegoma, na nina watoto wadogo arobaini ambao wazee wao hawawezi kufika. Kila mwalimu ana watoto wake mwenyewe nyumbani, wote wanataka kuondoka. Hatukuwa tumekubaliana kabla nani anabaki. Tulibaki watatu mpaka usiku, tukapika uji kwa sukari ya kuazima kwa sheha. Sasa kila masika tunaandika zamu ya walimu wa kubaki, wanaokaa karibu kwanza, na stoo ina unga, sukari na mkaa visivyoguswa.

Kuti Kavu, Jambiani

Huku kwetu mapaa ni makuti. Kaskazi ikipiga, cheche moja inatosha, na zimamoto hata wakitoka mbio, njia ni ndefu. Tuliuhamisha mtungi wa gesi nje ya jiko, tukajenga kijumba cha tofali upande ambao upepo wa kaskazi hauleti moto kwenye vyumba. Ndoo za mchanga kila nguzo. Wageni wanadhani ni mapambo, wanazimia sigara humo, basi kila asubuhi kuna mtu wa kuzikagua.

Jengine. Mei 12, 2024, mikonga ya intaneti ya baharini ilipokatika, kadi hazikubali, na oda za wageni zimo mtandaoni hatuzioni. Tangu siku ile tunachapisha karatasi ya wageni wa wiki nzima, na keshi ya siku tatu haitoki kwenye sanduku hata kwa mkopo wa bosi mwenyewe.

Darajani Jumla

Nawaheshimu nyote, lakini mimi naona dawa ni bima. Kata bima, lala. Haya mengine ni kujitaabisha.

Barafu Malindi

Ndugu yangu, bima ninayo nami, na sikatazi mtu. Lakini wateja wangu wa hoteli walitaka samaki kesho yake asubuhi. Kungoja karatasi za madai miezi, wangeshapata muuzaji mwengine.

Katibu wa Jumuiya

Mimi nipo kwenye jumuiya ndogo, tuko Unguja na Pemba, safari za boti ni kila mwezi. Nilikuwa nasita kuandika hapa.

Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, MV Spice Islander ilizama mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba. Kila mtu wa visiwa hivi ana mtu wake mule. Mimi nilisimama Nungwi asubuhi ile, na kati ya yote niliyoyaona, lililobaki kichwani ni watu wakiulizana majina. Meli ilichukua watu wengi mno kuliko uwezo wake, na orodha haikulingana na waliokuwemo. Watu walikuwa wanakwenda kwa jirani kuuliza, fulani alisafiri au hakusafiri? Mwaka uliofuata, Julai 2012, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe, na maswali yakawa yale yale.

Kwa hiyo kwetu hakuna mfanyakazi anayepanda boti bila kuacha karatasi nchi kavu: jina, nambari ya tiketi, nambari ya simu ya mtu wa nyumbani, na kavaa nini siku hiyo. Nguo wengine waliiona ni uchuro. Waliokuwa Nungwi hawakuuliza.

Na wenye sahihi za benki hawasafiri boti moja. Tuna watia sahihi watatu, wawili wakiwa baharini basi wa tatu anabaki ofisini. Mweka hazina wetu hupenda kusafiri na mwenyekiti, ni marafiki wa tangu skuli, na kila mara nawatenganisha wananinunia. Nakubali kununiwa.

Duka la Dawa Chake

Katibu, Mungu awarehemu wote. Mimi shemeji yangu alikuwemo. Hiyo ya nguo si uchuro hata kidogo. Sisi tulimtambua kwa shati.

Katibu wa Jumuiya

Amin, dada. Amin.

Mshika Funguo

Nimesoma yote mara mbili. Nimemwonyesha na mlinzi wetu, nimemsomea kwa sauti pale barazani. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia kuna kitu hajawahi kunieleza: mlango wa kutokea darini, kila masika mbao huvimba na haufunguki, yeye husukuma kwa bega. Mimi nimesimamia nyumba ile miaka sita, sijui.

Jumamosi baada ya alasiri tulifanya jaribio, wafanyakazi wote na wageni wawili waliokubali. Nilizima swichi kubwa bila kumwambia mtu saa. Tukakusanyika kwenye uwazi karibu na msikiti, mlinzi akatoa karatasi mfukoni akaita majina. Mpishi hakuwepo. Alikuwa amekwama kwenye ngazi ya jikoni, giza, hajui tochi iko wapi. Seremala anakuja Jumatatu kuranda ule mlango, na tochi nimeifunga kwa kamba kwenye mkono wa ngazi ya jikoni. Wengine endeleeni kuandika, hasa wenye wodi na vituo vya afya, na wale wa bandarini.