Muuza manjano azuiwe kusema yanakinga kusahau, ama aachwe?

Mtoto wa Kuze
Salamu wana Mombasa. Mamangu ana miaka 74. Juzi alitia chumvi kwenye chai mara mbili, na ile ya pili akakasirika, ati nani kamharibia. Shangazi akaja na kikopo cha Marikiti, vidonge 60, shilingi 1,800. Kimeandikwa: "Manjano asilia. Huzuia amiloidi. Kinga ya kusahau." Neno amiloidi hospitali hatukulisikia, nimefunzwa na kikopo. Msimamo wangu: manjano yauzwe, maneno yale yabanduliwe, na Bodi ya Famasia na Sumu ipite duka kwa duka. Mwasemaje?

Meza ya Viungo
Mie nina meza hapo Marikiti. Si mimi niliyemuuzia shangazi yako, lakini vikopo hivyo ninavyo. Hatukubuni. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2005 ulionyesha kukumini, ile rangi yenyewe ya manjano, yazuia nyuzi za amiloidi zisijisuke, na panya waliolishwa wakapungukiwa na mabonge yake ubongoni. Mzungu akiuza sindano ya Alzheimer, ule ugonjwa wa kusahau, kwa dola 26,500 kwa mwaka mwaiita dawa. Mie na kikopo changu ndio mwongo?

Wa Maabara, Tudor
Shekhe, utafiti huo upo. Ila tazama ulikofanyiwa: vichupani na kwa panya.

Nieleze kwa ukili, ule msuko wa mkeka. Beta-amiloidi, ndiyo amiloidi ya kikopo na ndiyo hufanya mabonge ubongoni mwa wagonjwa wa Alzheimer, ni kipande kifupi cha protini, asidi amino 40 au 42, chajielea bila taabu. Kazi ni kuanza. Vichache vikishashikana kwa mkunjo mbaya, vinavyofuata hupata pa kujipachika, kama chane kwenye ukili ulioanzwa. Mwanzo ni wa pole pole, kisha msuko wenda mbio. Kizuizi chaweza kuharibu mwanzo ule, au kukaa kwenye ncha chane mpya isiingie. Kukumini kichupani hufanya kazi hiyo.

Lakini imepimwa vipi? Wengi hutumia rangi iitwayo thioflavini-T, ambayo hung'aa ikishika nyuzi. Mwanga ukipungua, husemwa nyuzi zimezuiwa. Sasa manjano ni manjano, kanzu ikiingia doa mwajua wenyewe! Kukumini nayo hunywa mwanga na hung'aa yenyewe, kwa rangi zinazopishana na za kipimo, kwa hiyo mashine yaweza kusoma "zimepungua" na nyuzi zipo vilevile. Kipimo hicho peke yake mie sikiamini mpaka nyuzi zitazamwe kwa hadubini ya elektroni.

Na ikimezwa? Hupenya kidogo mno. California walichukua wagonjwa 36 wa Alzheimer kwa wiki 24: wengine gramu 2 za kukumini kwa siku, wengine gramu 4, wengine vidonge vitupu, visivyo na dawa. Matokeo yalitoka 2012. Kumbukumbu haikupata nafuu, na kwenye damu kukumini ilikuwa kiduchu. Manjano ya jikoni yana kukumini asilimia 3 hivi, basi gramu 4 ni zaidi ya gramu 130 za unga kila siku. Pilau gani hiyo?

Binti Likoni
Meza ya Viungo ana haki kidogo kuhusu sindano. Sindano yenyewe ni lecanemab, ya kuondoa amiloidi ubongoni; ilijaribiwa kwa watu 1,795 kwa miezi 18. Magazeti yakasema yapunguza kasi ya ugonjwa kwa asilimia 27. Kwenye mizani yenyewe ya kupimia ugonjwa, ya alama 18, tofauti ni alama 0.45. Na mmoja kati ya wanane hivi alionekana na uvimbe ubongoni kwenye picha. Dripu kila wiki mbili, picha za ubongo za MRI mara kwa mara, zaidi ya shilingi milioni 3 kwa mwaka. Lakini hayo yote twayajua kwa sababu walilazimishwa kuyapima kwa watu na kuyaandika, uvimbe pia. Kikopo kimepimwa kwa nani?

Nesi mstaafu
Mwanangu wa Kuze, hivyo vidonge vimetiwa pilipili manga? Nyingi hutiwa ili kukumini ipenye zaidi, na ikipenya zaidi si kitoweo tena. Italia mwaka 2019 watu walipata homa ya ini baada ya kumeza virutubishi vya manjano. Pia bi mkubwa anameza nini kingine? Kama ni dawa ya kufanya damu isigande, kikopo kikae mbali mpaka daktari aseme.

Mtoto wa Kuze
Pilipili manga imeandikwa kwa herufi za sisimizi, chini kabisa. Nimekwenda kupekua bahasha yake ya dawa. Warfarini, hiyo hiyo ya kufanya damu isigande, imo. Kameza vidonge siku tisa. Nimekiweka kikopo juu ya kabati, na asubuhi tunakwenda kupimwa damu.

Meza ya Viungo
Mola amuafu mama. Miaka yote mezani sijamuuliza mteja hata mmoja anameza nini, nisiwadanganye. Vyangu ni kumi na moja, kesho nabandua karatasi. Lakini jirani yangu ana zile zile, na mteja hukata hatua tatu tu. Hiyo Bodi mnayoitaka itaanza na meza yangu, ama na anayezileta kwa katoni?

Binti Likoni
Ianze na katoni. Zimeandikwa zatoka wapi?

Meza ya Viungo
Hazikuandikwa.