Kuchangisha hela mtandaoni kwa ajili ya utafiti, inawezekana?

Ndaga_Tukuyu: Wakuu habari za jioni. Nataka kufuatilia ukungu unaomaliza viazi huku Rungwe, ule jani linapiga madoa meusi na chini yake utando mweupe, mvua ikikolea shamba zima linaoza. Mfadhili sina, nikichangisha watu mtandaoni itawezekana?

Mzee wa Uyole: Inawezekana kabisa mkuu. Kuna Experiment, tovuti ya Marekani ya kuchangishia tafiti, ipo tangu 2012, ila lengo lisipofika huambulii kitu na waliochangia hawakatwi hela yao, kwahiyo usianze na mamilioni, anza na kitu kinachopimika kama kulinganisha mbegu mbili kwenye mashamba ya majirani. Na pita TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo hapo Mbeya, kwanza uwaulize walishapima nini.

binti_iringa: Ukimshirikisha mtafiti wa nje kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, lazima. Halafu ndugu yangu, hela ya watu weka risiti wazi, na matokeo uyatoe hata mbegu zote zikifeli, maana mkulima aliyekutumia elfu mbili kwa simu anataka kujua apande nini msimu ujao. Ukiwa tayari weka namba hapa, elfu kumi yangu ipo.