Mrejesho: Game Boy Printer sasa inachapa picha za emuleta ya simu

Niliuliza kwa nini Game Boy Printer (printa ndogo ya Game Boy, kifaa cha michezo cha Nintendo) inakaa kimya nikiiunganisha na simu ya Android yenye emuleta (programu inayoiga Game Boy) kupitia OTG (adapta ya kuchomeka vifaa vya USB kwenye simu) na Raspberry Pi Pico, bodi ndogo ya kompyuta inayopangwa programu. Imekubali! Asanteni sana mliosisitiza nipime waya.

Rangi za waya ndizo zilizopotosha. Kebo ya link (inayounganisha Game Boy na printa) imevukishwa: pini ya 2 (kutoa data) hutokea pini ya 3 (kupokea) upande wa pili, na rangi hutofautiana kebo kwa kebo. Pima kila uzi kwa multimita. Printa ni ya volti 5, Pico 3.3, kwa hiyo weka kibadilisha volti katikati, la sivyo unaweza kuunguza bodi. Pini ya 1 (ya umeme) usiiunganishe, maana printa ina betri zake 6 za AA. GND (waya wa ardhi) lazima iunganishwe.

Picha isikuzwe: pikseli 160 kwa 144, vivuli 4. Tuma pakiti (mafungu ya data) 9 za baiti 640, kisha pakiti tupu ya data (usiiruke, ndiyo inayosema data imekwisha), ndipo amri ya kuchapa. Kila pakiti huanza na baiti 0x88 0x33 (0x huonyesha namba ya heksadesimali). Ukijibiwa 0x81, printa inasikia; ukipata 0xFF tupu, rudi kwenye waya wa kupokea.