Tupeane uzoefu: Majengo ya meza ya mchezo kwa maboksi na takataka za nyumbani

Wakuu, habari za muda. Sisi wa michezo ya vita ya mezani tunajuana: hela yote inaishia kwenye sanamu ndogo za kuchezea, meza inabaki tupu kama uwanja wa ndege. Uzi huu ni wa wanaojenga nyumba, maghala na magofu kwa vitu ambavyo vingetupwa. Semeni mlitumia nini na kimedumu vipi. Picha si lazima.

Naanza mwenyewe. Mimi ni mtu wa boksi gumu, lile lenye mawimbi katikati. Paa la bati linatoka humo humo. Lowesha kidogo karatasi ya upande mmoja kwa sponji, subiri gundi yake ilegee, kisha imenye taratibu kuanzia pembeni. Mawimbi yanabaki wazi. Acha yakauke kabisa, kata vipande vidogo, upange kuanzia chini kwenda juu, kila bati la juu lilalie la chini. Ukipanga kinyume, hata asiyejua ujenzi ataona kuna kitu hakijakaa sawa. Paka kijivu, halafu gusagusa kahawia ya kutu kwenye maungio. Kuta zangu huwa za kawaida tu, kwa sababu wachezaji tunatazama meza tukiwa tumesimama. Paa ndilo linaloonekana kwanza.

Fundi Wembe:
Kuhusu paa nakuunga mkono, ila majengo mengi yanaharibikia kwenye vipimo kabla hata ya kufika huko. Natumia sanamu za milimita 28 kwenda juu. Ongeza unene wa kitako, kile kibao sanamu inachosimamia, mlango wa milimita 38 hadi 40 kwenda juu unakaa vizuri. Upana ndio wenye ugomvi: kitako cha duara cha milimita 25 hakipiti kwenye mlango unaopendeza macho. Kama sanamu zinaingia ndani kweli, panua mlango, uzuri utajijua wenyewe. Ghorofa naipa kama sentimita 8 ili vidole viingie, na paa siligundishi, linanyanyuka. Kabla sijakata chochote nasimamisha sanamu moja pembeni ya boksi.

Mama Maboksi:
Hodi humu. Nyumbani kwangu hakuna anayetupa kifuniko bila kuniuliza kwanza, na simaanishi kujisifu.

Tatizo lililonisumbua sana ni kuta kupinda. Gundi nyeupe ya mbao ina maji; ukiipaka upande mmoja, karatasi inavimba, na ikikauka inajivuta. Ukuta wote unageuka upinde. Dawa yake ni kupaka pande zote mbili, hata ule usioonekana, na kukandamiza kwa vitabu vizito hadi ukauke. Kwa ukuta mkubwa nabandika tabaka mbili, mawimbi ya moja yakiwa wima na ya nyingine yamelala. Hapo haupindi kirahisi. Chini naweka ubao mwembamba wa nyuma ya fremu ya picha iliyovunjika.

Mawe je? Trei la mayai, lile la karatasi. Chana vipande visivyolingana, bandika, paka rangi nyeusi, kisha pitisha kijivu kwa brashi iliyokaushwa karibu yote kwenye kitambaa. Rangi inashika vinundu tu, mianya inabaki na giza lake.

Ngome Nyeupe:
Mimi ni wa lile povu jeupe linalokuja kwenye maboksi ya runinga. Jamaa yangu mmoja alichonga mnara mzuri kweli, akaupulizia rangi ya kopo moja kwa moja. Viyeyushi vya kwenye kopo vilimlia mnara akiwa anautazama, ukabaki na mashimo mashimo. Supaglu nayo inaweza kulila povu hivyo hivyo. Kwa hiyo povu langu nalivika kwanza: gundi nyeupe nachanganya na rangi nyeusi ya maji, napaka mara mbili, kila kona, hata chini. Kisu kiwe kikali. Kikiwa butu punje zinang'oka na kuganda kwenye nguo.

Ukipata povu gumu lisilo na punje, finyanga karatasi ya foili iwe donge na uligandamize juu yake. Mikwaruzo inatoka kama jiwe lililochongwa. Wanaokata kwa waya wa moto, fanyeni nje, moshi wake si wa kuvuta.

Mgeni Mezani:
Naomba kuuliza. Nina chupa na vifuniko vingi, nilitaka matangi ya mafuta na mabomba. Rangi inabanduka kila nikishika.

Fundi Wembe:
Mgeni, karibu. Osha kwa sabuni kwanza, plastiki inakuja na mafuta yake. Kausha, kwaruza kwa msasa laini hadi mng'ao uishe, ndipo upake rangi ya msingi. Au fanya kama mimi: zungushia chupa karatasi ya tishu kwa gundi iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Ikikauka unapaka rangi juu ya karatasi, si juu ya plastiki, na makunyanzi yake yanafaa sana kwa tangi kuukuu.

Mama Maboksi:
Ila mirija ya kunywea, Mgeni, iache. Inabonyea mtu akiishika, na rangi yote inapasuka. Kwa mabomba tumia vijiti vya mishikaki au waya mnene.