Kwa nini India ilitunga sheria mara tatu dhidi ya jambo ambalo Katiba yake ilikwisha kulifuta?

Mwalimu, Kongwa:
Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Nafundisha uraia kidato cha nne, na tulipofika haki za binadamu nilieleza kuwa huko India mtu huzaliwa ndani ya tabaka, na kwamba Wadalit, walio chini kabisa, walikatazwa kuteka maji katika kisima cha wengine au kuingia hekaluni kwa madai kuwa ni najisi. Mwanafunzi akauliza: ikiwa Ibara ya 17 ya Katiba ya 1950 ilifuta desturi hiyo, sheria za 1955, 1976 na 1989 zilihitajika kwa nini? Sikumpa jibu la kuridhisha.

Wakili, Kizota:
Mwalimu, kijana ameuliza penyewe. Ibara ya 17 inasema desturi hiyo ni kosa litakaloadhibiwa kwa mujibu wa sheria, lakini adhabu yenyewe haitaji. Bunge liliitaja mwaka 1955: kifungo kisichozidi miezi sita, au faini isiyozidi rupia 500, au vyote viwili. Kifungu kimoja nakipenda sana: aliyetendewa kosa akiwa Mdalit, mahakama itachukulia kuwa tabaka ndilo lililosababisha, mpaka mshtakiwa athibitishe vinginevyo. Hata hivyo sheria hiyohiyo iliruhusu kesi imalizwe kwa mapatano, na hapo ndipo ilipovuja. Sisi wa Dodoma tunajua maana ya kesi "kumalizwa nyumbani". Kibarua anayekula kwa jembe la mwenye shamba hawezi kukataa suluhu inayoletwa na mwenye shamba huyohuyo. Marekebisho ya 1976 yaliondoa mapatano hayo na kuweka kifungo cha angalau mwezi mmoja.

Mwalimu, Kongwa:
Nashukuru, Wakili. Na ile ya 1989?

Mstaafu, Mpwapwa:
Niruhusuni, Mwalimu. Sheria za awali zilimlenga anayefunga mlango, ilhali waliodai haki zao walikuwa wakipigwa, wakinyang'anywa ardhi, hata kuuawa. Huko Kilvenmani, Tamil Nadu, Desemba 1968, Wadalit 44 waliteketezwa kwa moto katika mgogoro wa ujira wa vibarua, na Mahakama Kuu ikawaachia huru wamiliki wa ardhi walioshtakiwa. Kila nikiikumbuka habari hiyo naumia. Sheria ya 1989 ilitaja ukatili wenyewe, kama kumlazimisha mtu kula uchafu au kumpora shamba, ikaelekeza mahakama maalumu, na ikamgusa mtumishi wa umma: asiye wa jamii zinazolindwa na sheria hiyo akipuuza wajibu wake kwa makusudi, hufungwa miezi sita hadi mwaka mmoja. Nimetumikia ofisi za serikali miaka mingi, na kwa maoni yangu hicho ndicho kifungu kizito kuliko vyote, kwa sababu malalamiko mengi hufia mezani kwa anayeyapokea.

Mwalimu, Kongwa:
Jumatatu nitawasomea wanafunzi Ibara ya 17 sambamba na Ibara ya 13 ya Katiba yetu, ile ya usawa mbele ya sheria, kisha niwaulize anayepokea lalamiko anawajibishwa na nani.