Presha kliniki iko sawa, nje ya kliniki inapaa. Wapi wanasafisha mishipa ya damu?

Njia Kuu:
Wakuu heshima kwenu, wakubwa shikamooni.

Naombeni ushauri, tangu Jumamosi usingizi sipati. Mimi ni mwanaume wa miaka 51. Presha ninayo miaka kadhaa sasa na dawa natumia, amlodipini ya 10 na haidroklorothiazaidi ya 25. Kila nikienda kliniki napimwa, 130 na kitu kwa 80, naambiwa hongera baba, endelea hivyohivyo.

Jumamosi kulikuwa na watu wanapima afya bure karibu na stendi. Wakanipima, 174 kwa 82. Wakaniambia nikae nitulie, wakarudia, 171. Halafu wakanipa kichuma nikishike kiganjani, kompyuta ikasoma mwili mzima ikatoa karatasi: mishipa ya damu imeziba asilimia 65 na imekakamaa. Wana dozi ya miezi mitatu ya kusafisha mishipa, laki tisa.

Sasa niamini mashine ipi, ya kliniki au ya hawa? Na kama kuna aliyesafisha mishipa, alisafishia wapi na kwa bei gani? Matusi tafadhali hapana, nina watoto wanasoma.

Mama Wawili:
Pole sana kaka yangu. Mama yangu alikuwa hivyohivyo, akaanza rosela na kitunguu saumu kila asubuhi, akaacha chumvi ya mezani, leo ana miaka 70 na shamba analima mwenyewe Lushoto. Sisemi uache dawa, mama hakuacha. Ila usidharau vya shambani.

Mzee wa Barazani:
Vijana mnakula vibaya. Chipsi mayai usiku, chumvi ya kumwaga, nyama choma, bia. Shirika la Afya Duniani linasema chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, hesabu na ile iliyo kwenye mkate na supu. Wewe supu ya asubuhi peke yake ushamaliza. Mungu atusaidie.

Njia Kuu:
Mzee shikamoo. Bia situmii, mimi ni mtu wa ibada. Naomba tujibu kuhusu mishipa.

Ngosha wa Ziwani:
Mkuu mimi nimemzika baba kwa huu ugonjwa. Alikuwa fundi seremala, mtu wa nguvu. Dawa alikuwa anameza kichwa kikiuma tu, kikiacha anaziweka juu ya kabati. Asubuhi moja alishika kikombe kikadondoka, akakiangalia, akajaribu kuokota kwa mkono uleule, mkono haukwenda. Mdomo umeenda upande. Tulimuuguza mwaka mzima na ushei. Kila nikiona mtu anasema presha yake iko sawa kwa sababu hasikii kitu, roho inaniuma. Presha haiumi, mkuu. Pima.

Nesi wa Zamu:
Njia Kuu, pole. Kabla sijasema lolote naomba unijibu. Kliniki unaenda siku gani, siku ya kazi au ya mapumziko? Kazi yako ni ipi? Na siku unayopimwa, unakuwa umemeza dawa zote mbili?

Nauliza kwa sababu wengi shida yao ni kinyume cha yako: wakiona koti jeupe presha inapanda, nyumbani inashuka. Wewe kliniki ndiko inakoshuka. Hilo lina sababu na mara nyingi sababu yake haiko kwenye mashine.

Njia Kuu:
Naenda siku ya mapumziko, siku nyingine siwezi. Dawa nakuwa nimemeza. Kazi ni ya barabarani.

Nesi wa Zamu:
Barabarani kufanya nini? Na siku za kazi unameza zote mbili?

Mpiga Pasi:
Mgongo unauma? Madereva wengi wanatafuna daiklofenaki kama karanga. Zile zinapandisha presha na zinaumiza figo, wala dawa ya presha haifui dafu mbele yake. Mjomba wangu aliambiwa hivyo hospitali, alipoziacha namba zikarudi.

Njia Kuu:
Daiklofenaki situmii, natumia panado.

Nesi, naendesha basi, Dar kwenda Mwanza na kurudi. Amlodipini sijawahi kukosa hata siku moja. Hiyo nyingine siku za safari siigusi. Nikiimeza alfajiri pale Mbezi, kabla hatujafika Morogoro nimebanwa, tukishapita Gairo nimebanwa tena. Basi la abiria huwezi kusimama kuchimba dawa kila unapojisikia. Ratiba ipo, kifaa cha kufuatilia mwendo kipo, tajiri anapiga simu kuuliza kwa nini gari limesimama Kibaigwa dakika nane. Abiria nao wananung'unika. Kwa hiyo naimeza nikiwa nyumbani. Maji pia napunguza njiani. Sioni tatizo, dawa kubwa si naimeza? Tatizo ni mishipa kuziba, ndiyo maana nimewatangulizia laki nne na nusu. Wamesema dozi ikianza kufanya kazi na hizo za hospitali nitaziacha taratibu.

Abiria wa Dirishani:
Mimi napanda mabasi ya njia hiyo kila likizo. Mwenye 174 ameshika usukani na roho zaidi ya hamsini nyuma yake. Sikulaumu kaka, ila hili si lako peke yako. Wamiliki wanapanga muda wa gari kama vile dereva hana kibofu. Hapo ndipo pa kupiga kelele.

Ngosha wa Ziwani:
Laki nne na nusu! Mkuu!!

Jicho la Tatu:
Samahani wadau, mimi nasema hii ni chai. Amejiunga wiki hii, uzi wake ni huu mmoja. Katupa asilimia, kataja bei, kataja muda wa dozi. Subirini keshokutwa aingie mwingine aseme "hata mimi nilikuwa hivyo, nimepona, namba hii hapa". Matangazo ya hivi tumeyaona sana. Halafu dereva wa Mwanza anajibu saa nne asubuhi, usukani kamwachia nani?

Mama Wawili:
Jamani. Na mimi nilianza kushangaa hiyo asilimia 65.

Mpiga Pasi:
Hata kama ni chai, swali la dawa ya mkojo si chai. Kaka yangu ni dereva wa lori la Tunduma, anafanya hivyohivyo.

Njia Kuu:
Jicho la Tatu, leo napumzika, gari liko gereji linabadilishwa springi za nyuma. Nimejiunga wiki hii kwa sababu ndiyo wiki niliyopata tatizo. Kama ningekuwa nauza dawa ningeitaja jina. Sijaitaja na sitaitaja. Hela niliyotoa ni ya ada ya kidato cha tatu, mama watoto hajui. Kama mnaona natunga, ufungeni uzi.

Jicho la Tatu:
Ungetaja gari na kampuni tungeamini.

Njia Kuu:
Nitaje nifukuzwe kazi?

Nesi wa Zamu:
Awe wa kweli au wa kutunga, wanaosoma hapa ni wengi, najibu.

Kwanza kichuma. Hakuna kitu kinachoshikwa kiganjani kikasema mshipa umeziba asilimia ngapi. Kuziba ni mafuta kujijenga ndani ya ukuta wa mshipa. Huonekana kwa altrasaundi ya shingo, kwa picha ya CT yenye dawa ya kung'arisha mishipa, au kwa mrija mwembamba unaopitishwa mkononi au kwenye paja mpaka kwenye moyo, kama wanavyofanya Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili. Na mafuta hayo hayaoshwi kwa unga wa kwenye kopo.

Pili kukakamaa, na hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu linaweza kuwa na ukweli ingawa wao wamelibahatisha. Ateri kubwa inayotoka kwenye moyo ina ukuta unaovutika kama mpira wa manati. Moyo ukisukuma unatanuka, moyo ukipumzika unarudi na kuisogeza damu mbele. Presha ikikaa juu miaka, nyuzi zinazovutika zinachakaa, nafasi yake inachukuliwa na nyuzi ngumu. Hapo wimbi la mapigo linakimbia kwa kasi, linagonga huko mbele na kurudi mapema, namba ya juu inapaa na ya chini inabaki palepale au inashuka. Toa 82 kwenye 174: tofauti ni 92. Kwa mtu mzima tofauti ikizidi 60 kila mara, tunaanza kuufikiria huo ukuta. Kipimo chenyewe ni kasi ya wimbi kutoka shingoni mpaka kwenye kinena, ikipita mita 10 kwa sekunde ukuta unahesabiwa umekakamaa. Vipimo viwili vya stendi havitoshi kukuhukumu, ila vinatosha kukurudisha kwa daktari.

Na dawa. Amlodipini inakaa mwilini muda mrefu, hiyo haidroklorothiazaidi, tunayoiita dawa ya maji, nguvu yake ya kutoa mkojo inaisha ndani ya nusu siku hivi. Ukiimeza siku za mapumziko tu, kliniki wanaiona presha ya mtu anayetumia dawa mbili, barabarani mwili unaishi na moja, tena bila maji ya kutosha, figo nazo zinaumia. Daktari wako anaandika dawa kwa kuangalia siku zako nzuri.

Mwambie ukweli wote, na umwambie una njia mbili za kuuliza. Moja ni kuhamisha saa. Utafiti wa Uingereza uliotolewa 2022, wagonjwa zaidi ya 21,000, haukuona tofauti ya mshtuko wa moyo wala kiharusi kati ya waliomeza asubuhi na waliomeza jioni. Ukifika Mwanza unameza, ingawa usiku utaamka. Ya pili ni kubadilisha kabisa. Mwaka 2019 kulitoka utafiti wa nchi sita za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo: amlodipini pamoja na haidroklorothiazaidi, na amlodipini pamoja na perindopili, zilishusha presha karibu sawa. Perindopili haikupeleki chooni. Baadhi inawaletea kikohozi kikavu, ukikipata unamrudia daktari. Usibadilishe mwenyewe kwa kusoma hapa.

Mzee wa Barazani:
Nesi, Mungu akuzidishie. Mimi natumia hiyo ya maji miaka, nilidhani wote tunaimeza asubuhi kwa amri.

Njia Kuu:
Ahsante nesi. Lakini kama ukuta ushakakamaa si ndiyo nahitaji hiyo dozi? Nimeshatoa nusu ya hela.

Nesi wa Zamu:
Kinachousaidia huo ukuta ni presha kushuka na kukaa chini siku zote saba, chumvi kupungua, kutembea, sigara kama unavuta kuacha. Nunua au azima mashine ya kupimia presha mkononi, siku ya safari ukifika kaa dakika tano kimya, miguu chini, mkono usawa wa moyo, pima mara mbili, andika. Nyumbani 135 kwa 85 kwenda juu ni nyingi. Hicho kidaftari mpelekee daktari. Na hela uliyotoa, una risiti?

Njia Kuu:
Risiti hawakutoa. Wamenipa kadi yenye namba, ofisi gorofani Kariakoo. Kliniki nitaomba ruhusa niende Alhamisi badala ya kusubiri mwisho wa mwezi. Huko Kariakoo napita Jumatatu asubuhi.

Jicho la Tatu:
Mimi duka langu liko Kariakoo. Njoo ujumbe wa pembeni, Jumatatu tupande wote.