Naomba ushauri: mwajiri ameshikilia pasipoti yangu Muscat

Ndugu zangu, ninafundisha Hisabati katika shule binafsi mjini Muscat, Oman. Nilipowasili niliombwa pasipoti kwa ajili ya kibali cha ukaazi. Kadi ya ukaazi nimeshaipata, lakini pasipoti ingali imefungiwa kwenye droo ya chuma ya mhasibu, nami huiona kila ninapokwenda kusaini mshahara. Mama yangu anaumwa huko Tanga, na kila nikiomba ruhusa naambiwa nisubiri mitihani ipite. Kazi naipenda, tena sitaki kuwatelekeza wanafunzi wangu katikati ya muhula. Je, nianze na barua rasmi kwa mkuu wa shule, au niende moja kwa moja ubalozi wa Tanzania, ambao uko hapa hapa mjini? Aliyewahi kupitia hali hii naomba anieleze alivyofanya.